Laptopu Mpya na Printa ya Zamani

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kwa tendo hilo ikamweka mwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala katika kituo cha Ewuaso Kedong, nyuma ya milima ya Ngong, katika njia iteremkayo kuelekea Suswa, mbele ya jambo lile lile linalomkabili mwenzake wa Kitengela au wa mji wa Kajiado: laptopu iliyomtumikia kwa miaka mingi haikubaliwi na Windows 11, kununua nyingine hakuna budi, ilhali printa, skana na projekta zilizozoea kufanya kazi nayo zingali nzima, wala hazijatenda kosa lolote la kustahiki kutupwa. Muhula wa nyongeza wa mwaka mmoja waliopewa watumiaji wa nyumbani hauondoi haja hiyo, huiahirisha tu.

Jambo hili si dogo katika mahali kama Ewuaso. Serikali ya Kenya ilipozindua Gava Mkononi tarehe 30 Juni 2023, na kuweka zaidi ya huduma 5,000 katika mtandao wa eCitizen, haikumwondolea raia haja ya karatasi. Mfugaji atakaye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, mwanafunzi aombaye mkopo wa HELB, na mzee aliyeagizwa kuleta nakala ya kitambulisho pamoja na hati ya shamba lake, wote huweza kukutana katika chumba kimoja chenye laptopu moja, printa moja na skana moja. Na ikiwa siku hiyo laptopu haisikilizani na printa, kurasa mbili tu humgharimu mtu nauli ya kwenda Ngong na kurudi, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Kwa hiyo anayechagua laptopu kwa ajili ya duka la namna hiyo huwachagulia na jirani zake, na kwa sababu hiyo nauona uchaguzi huo kuwa wastahiki uangalifu mkubwa kuliko ule unaopewa kwa kawaida.

Ada ya wanunuzi wengi ni kuanza na laptopu yenyewe. Huuliza ukubwa wa kumbukumbu, wepesi wa mwili, wembamba wa umbo na uzuri wa kioo, wakailipia, wakaibeba hadi nyumbani, na hapo ndipo wanapotanabahi kwamba waya wa printa hauna pa kuingia, au umeingia lakini hakuna kinachotoka. Rai yangu ni kwamba safari ianzie upande wa pili. Kabla ya kupanda matatu, mnunuzi na avigeuze vyombo vyake vyote, anakili katika daftari jina na namba ya kila kimoja kama ilivyobandikwa chini au mgongoni, achore umbo la tundu lake, kisha aiwashe laptopu yake ya zamani, maadamu ingali hai, aangalie katika mipangilio kama Windows iliyomo ni ya biti 32 au ya biti 64. Daftari hilo lina faida kuliko maneno ya muuzaji, kwa sababu muuzaji anaijua laptopu anayoiuza, lakini haijui printa iliyoko Ewuaso.

Matundu ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili. Printa za zama za kwanza ziliunganishwa kwa tundu pana la pini 25, lile ambalo IBM ilianza nalo katika kompyuta yake ya 1981. Ala za kupimia zilitumia tundu la RS-232, ambalo kanuni zake ni za 1960, na ambalo mgongoni mwa kompyuta hujulikana kwa pini zake 9. Nazo projekta na vioo vya mezani vilipata tundu la VGA, la pini 15, mwaka 1987. USB ilipotokea 1996 ilianza kuyaondoa yote hayo, moja baada ya jingine, na 2014 likaja lile tundu dogo la USB-C ambalo waya wake huingia upande wowote. Mwenye printa ya USB hana taabu hapa: kama laptopu mpya ina USB-C peke yake, kipande kidogo cha kugeuzia kinatosha.

Penye hadhari ni projekta. Mnamo Desemba 2010 kampuni za Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG zilitangaza kwa kauli moja kwamba VGA ingeachwa kufikia 2015, na ahadi hiyo, ijapokuwa ilichelewa, imetimia katika laptopu nyingi. Walakini shule na makanisa yenye projekta za VGA hayakuuliza Intel kabla ya kuzinunua, wala hayana fedha za kuzibadilisha. Adapta ya kutoka HDMI ya laptopu kwenda VGA ya projekta huuzwa kwa bei nafuu, lakini ndani yake lazima mwe na kifaa cha kugeuza ishara za tarakimu kuwa ishara za mawimbi ambazo VGA inazielewa, na kifaa hicho hufanya kazi upande mmoja tu. Ile iliyoundwa kutoka VGA kwenda HDMI, ambayo kwa macho hufanana nayo sana, haitaonyesha chochote hata ikigeuzwa mara ngapi. Mtu na atamke wazi dukani ni kipi kinachotoa picha na ni kipi kinachopokea. Kadhalika asidhani kwamba kila tundu la USB-C hutoa picha kwenda projekta, kwa maana mengine huchukua moto wa chaji na kupitisha mafaili basi, na umbo la nje haliwezi kumwambia tofauti.

Tundu likifaa, printa bado yaweza kunyamaza. Kati ya laptopu na printa husimama programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva, na kazi yake ni ile ya mkalimani katika baraza la wazee: huyachukua maneno ya upande mmoja na kuyafikisha upande wa pili kwa lugha inayofahamika huko, na asipokuwapo, pande mbili hukaa zikitazamana. Draiva huandikwa na kampuni iliyounda printa, kwa ajili ya Windows iliyokuwapo wakati printa ikiuzwa, na kampuni ikishahamia kwenye bidhaa nyingine aghalabu hairudi nyuma kuiandika upya. Sasa Windows 11 hutolewa kwa biti 64 peke yake, na draiva ya biti 32 haiingii humo asilani, hata kama printa ni nzima na waya ni mpya. Ndiyo sababu nilimwomba mnunuzi aangalie biti za laptopu yake ya zamani, kwa kuwa printa iliyokuwa ikifanya kazi katika Windows ya biti 32 bado haijathibitisha lolote juu ya mustakabali wake. Tena Windows ya biti 64 hudai kwamba draiva igusayo kiini chake iwe na sahihi inayotambulikana, na draiva nyingi za kale hazina. Juu ya hayo, mnamo Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba, hatua kwa hatua, itaacha kupokea draiva mpya za printa kutoka kwa waundaji katika hazina yake ya masasisho, ikipendelea njia ya pamoja iitwayo IPP, ambayo printa za siku hizi huizungumza zenyewe.

Mtu angedhani, basi, kwamba kadiri chombo kilivyo kikongwe ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu kupatanishwa na laptopu mpya. Hakika yake sivyo, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo. Printa ya nukta ya aina ya Epson LX-300, ile ipigayo kelele na kuvuta karatasi yenye matundu pembeni, ina lugha yake kamili ndani ya mwili wake; ikipelekewa herufi huzipiga, na Windows 11 ingali na draiva ya maandishi matupu, iitwayo Generic / Text Only, inayoweza kuipelekea herufi hizo. Kwa kuwa tundu lake ni lile pana la kale, huhitaji waya wa kugeuza kutoka USB, nao hupatikana. Ila ijulikane kwamba waya huo ni wa printa tu, na kifaa kingine chochote kilichozoea tundu hilo hakitaitika. Printa za leza za maofisini zinazofahamu PCL ya HP au PostScript ya Adobe, lugha mbili zilizoenea katika miaka ya 1980, nazo hupokea draiva ya jumla, na zaweza kutumika miaka mingi baada ya kusahauliwa na waundaji wake.

Vyombo vyenye taabu ni vya katikati, vile vya bei nafuu vilivyouzwa kwa wingi katika muongo wa kwanza wa karne hii, ambavyo ili bei yake ishuke viliondolewa sehemu kubwa ya akili, na kazi ya kufikiri ikaachiwa kompyuta. Mfano ulio dhahiri ni HP LaserJet 1020 ya 2005. Printa hiyo haihifadhi hata programu yake ya ndani: kila inapowashwa hungoja kompyuta iipelekee upya, na ukurasa hufika kwake ukiwa umekwisha kutayarishwa. Haijui PCL wala PostScript, hivyo draiva ya jumla haiifai kitu. Bila ya draiva yake hasa, ni sanduku lenye taa. Mwenye printa ya namna hii asinunue laptopu kabla ya kuipata draiva hiyo ya biti 64, kuihifadhi katika flashi, na kuijaribu.

Skana ndizo zenye msiba mkubwa zaidi, kwa sababu nyingi za kale hazikupata kamwe lugha ya pamoja, na kila moja ilitegemea draiva yake peke yake. Canon haikutoa draiva ya biti 64 kwa CanoScan LiDE 30, skana nyembamba na nzuri ambayo kioo chake na taa yake vyaweza kuwa vizima hadi leo. Njia zilizobaki ni mbili. Ipo programu ya VueScan, ambayo Ed Hamrick aliianza 1998, na ambayo huja na draiva zake yenyewe kwa maelfu ya skana. Hulipiwa, lakini toleo la majaribio humwonyesha mtu kabla ya kulipa kama skana yake inasomeka. Na ipo SANE, hazina ya draiva za skana katika Linux, isiyolipiwa, ambayo LiDE 30 imo.

Sasa na tuijie laptopu. Katika maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi, na katika matawi yake yaliyoenea hadi Ngong na Kitengela, laptopu nyingi ziuzwazo ni zile ziitwazo ex-UK, zilizofanya kazi maofisini kwa miaka michache kisha zikasafishwa na kuuzwa tena: HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Mimi nazipendelea kwa mtu mwenye zana za zamani, kuliko laptopu mpya nyembamba za bei iyo hiyo, kwa sababu ziliundwa kwa ajili ya maofisi yaliyokuwa na zana za zamani nayo, hivyo zina matundu ya kutosha. Na kama chaji yake ni ile ya asili, plagi ya Uingereza ni ile ile ya miguu mitatu ya mraba inayotumika Kenya.

Walakini kuna mpaka wa kuujua. Windows 11 hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au cha baadaye, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kizazi husomwa katika namba iliyo nyuma ya jina la prosesa: i5-8250U ni ya nane, i5-7200U ni ya saba na haikubaliwi. EliteBook 840 G3 na G4 zina tundu la VGA, lakini zipo upande usiofaa wa mpaka; G5 ipo upande unaofaa, lakini VGA imekwisha kuondolewa na HDMI kuwekwa mahali pake. ThinkPad T480 nayo inakubaliwa na haina VGA. Dell Latitude 5490 ndiyo niionayo kuwa karibu zaidi na haja ya shule au kanisa lenye projekta ya kale, kwa kuwa ina VGA na HDMI pamoja na matundu ya USB ya kawaida; ila baadhi yake zilitoka na prosesa ya kizazi cha saba, kwa hiyo namba isomwe kwa macho, isichukuliwe kwa kusikia. Muuzaji aweza kusema kwamba ameiweka Windows 11 hata katika mashine ya kizazi cha sita, na asiwe mwongo, maana uchunguzi huo huweza kurukwa. Lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na mnunuzi atakuwa amelipa fedha ili arudi pale pale alipokuwa.

Zipo laptopu mbili ambazo mwenye zana za zamani azipite bila kusimama. Ya kwanza ni ile yenye prosesa ya Snapdragon, iliyoenea tangu katikati ya 2024, ambayo chaji yake hudumu sana, lakini ni ya ukoo wa Arm: programu za kawaida huziendesha kwa kuziiga, lakini draiva za printa na skana zilizoandikwa kwa Intel haziwezi kuigwa hivyo. Ya pili ni Chromebook, inayovutia kwa urahisi wa bei, na ambayo haipokei draiva ya Windows hata moja.

Katika Kajiado wako watu wengine wenye haja hii ambao hawatajwi, nao ni wapima ardhi. Kaunti hii, ambayo mashamba yake ya vikundi yaliwekwa chini ya sheria ya 1968 na kuanza kugawanywa kwa watu binafsi katika miaka iliyofuata, haijamaliza kupimwa, na ala za kupimia za miaka ya nyuma hutoa vipimo vyake kwa tundu la RS-232. Waya wa kugeuza kutoka USB kwenda RS-232 hupatikana, na humo ndimo kuna mtego: ndani yake mna kijiti cha kielektroniki, na kampuni zinazotengeneza vijiti hivyo zimeghadhibishwa na wanaoviiga. Prolific, mwenye PL2303, aliandika draiva zinazovikataa vijiti vyake vya zamani katika Windows za baadaye, pamoja na vile vya bandia. Na mnamo Oktoba 2014 draiva ya FTDI ilivifisha vijiti vya bandia vilivyounganishwa, mpaka lawama zikaifanya kampuni iiondoe. Anayebeba vipimo vya mpaka wa shamba la mtu hapaswi kutegemea waya asiojua kilichomo ndani yake. Na alipie ule ulio wa asili, na aujaribu na ala yake kabla ya kwenda porini.

Kujaribu ndiko kunakokata shauri katika mambo yote haya. Printa ya mezani ni nzito kuibeba hadi Nairobi, lakini skana, adapta na waya huingia katika mkoba, na flashi yenye draiva zilizokusanywa nyumbani haina uzito wowote. Muuzaji mwenye insafu atamruhusu mnunuzi kuziweka mbele yake, na akikataa, maduka ya jirani ni mengi. Pia na aandikiwe katika risiti muda wa kurudisha, asiridhike na ahadi ya mdomo, maana printa itajaribiwa Ewuaso. Kama yumo mjini tayari, na aombe vilevile kuona ripoti ya betri, ambayo Windows huitoa kwa amri ya powercfg /batteryreport, na alinganishe uwezo wa asili na uwezo uliobaki.

Na ikiwa, baada ya yote, printa imeikataa laptopu mpya, laptopu ya zamani isiuzwe kwa haraka. Fundi na aifute, aitie Linux Mint, aiunganishe na printa, kisha aiweke pembeni mwa chumba. Ndani ya Linux kuna programu ya CUPS, ambayo huweza kuitangaza printa hiyo katika mtandao wa dukani kama kwamba ni printa ya kisasa inayozungumza IPP; laptopu mpya huituma kazi kwa laptopu ya zamani, nayo hutafsiri na kuipeleka kwa printa. LaserJet 1020 niliyoitaja inayo draiva yake katika Linux, iitwayo foo2zjs, iliyoandikwa na watu wa nje ya kampuni. Mashine isiyofaa tena kwa Windows hupata kazi kwa namna hii, na bado hupokea marekebisho ya usalama. Njia hii naipendelea kuliko ile ya kuendelea na Windows 10 iliyounganishwa na intaneti, hasa dukani, ambako watu huacha nywila na namba zao za vitambulisho.

Hesabu ya mwisho ni ya gharama, na haifanani kwa kila duka. Printa ya leza hula mamia ya wati inapopasha moto, na duka litegemealo sola na inveta ndogo huenda likaona kwamba printa ya nukta, au ile ya wino wa chupa, ni nafuu hata kama ya leza ingali nzima. Bei ya tona nayo iulizwe kabla ya kununua adapta yoyote: printa ambayo katriji yake haipatikani tena Ngong imekwisha kustaafu, hata kama draiva ipo. Chombo kilichofikia hatua hiyo hakistahili kuachwa bondeni kikiungua na takataka. Kipo kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi kinachovipokea vyombo vya namna hiyo na kuvivunja kwa utaratibu. Ila kabla ya kukipeleka, mwenyewe na autoe waya wake wa USB wa ncha ya mraba na kuuhifadhi, maana umbo lake halijabadilika tangu 1996, na printa atakayoinunua huenda ikauhitaji.